Saa Moja Kabla ya Aziz

Atuganile alikuwa ameshafuta meza zote, na sasa alikuwa anazifuta upya. Alifuta kioo cha dirisha lililotazama foleni ya malori ya kwenda Zambia, akafuta vikombe vya chai ambavyo vilikuwa safi tangu jana, kisha akataka kufuta hata kompyuta ya Tumpale, na Tumpale mwenyewe akiwa anaitumia.

"Dada Atu, kaa chini," Tumpale alisema huku amenyoosha mikono juu. "Ukiendelea hivi, mama mkwe atakuta na sisi umetufuta."

"Mama mkwe wa nani? Nyamaza wewe! Wateja wakisikia je?"

"Mteja gani humu asiyejua? Ofisi yenyewe haina ukuta."

Hapo Tumpale hakukosea. Meza Moja, kama ilivyoandikwa kwenye kibao pale chini barabarani, kilikuwa chumba kimoja kirefu cha ghorofani ambacho zamani kilikuwa ghala la magodoro. Atuganile alikikodi, akaweka meza ndefu za mninga, intaneti ya kasi na betri za sola ili umeme wa Tunduma ukikatika watu wasijue. Ukitaka kukaa siku moja unalipia siku moja, ukitaka mwezi unalipia mwezi. Walikuja mawakala wa forodha, wakaja vijana wanaofanya kazi za kampuni za Dar wakiwa hapahapa, na Tumpale alichora matangazo ya maduka. Kiti hakikuwa cha mtu. Ukifika asubuhi, unakaa unapopata.

Aliyekaa mahali pamoja siku zote ni Aziz peke yake. Aziz alisimamia malori ya familia yao, na huko Mpemba, nje kidogo ya mji, walikuwa na godauni lao lenye ofisi yenye mlango, kufuli na jina lake juu ya mlango. Alikuja Meza Moja siku umeme ulipokatika kwao, akasema anakaa nusu saa tu atume nyaraka za lori. Umeme ulirudi, na malori yale yameshakwenda Ndola na kurudi mara nyingi, lakini Aziz yupo, kwenye kiti kinachotazamana na meza ya Atuganile. Wengine wote walimwachia kiti kile kwa huruma tu, jinsi mtu anavyomwachia mgonjwa nafasi ya kulala.

Leo saa tano Aziz angekutana hapa na mama yake, awatambulishe.

Baba yake alikuwa ametangulia mbele za haki, na Aziz alikwisha kumwambia Atuganile bila kuzungusha maneno: "Nakupenda, na wewe unajua. Lakini siwezi kuoa bila radhi ya mama. Akikubali, washenga wanakwenda Hasamba kwa baba yako mwezi huuhuu. Akikataa, Atu, sijui nitafanya nini, na sitaki kukudanganya kwamba najua." Atuganile hakumlaumu. Na yeye asingeweza kumpa kisogo mama yake. Basi kila kitu kilikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja aliyefika jana jioni kutoka Mbeya, mwanamke ambaye Atuganile hajapata kumwona, ila sauti yake aliijua vizuri kuliko alivyopenda.

Maana kona ya ofisi kulikuwa na kibanda cha mbao cha kupigia simu, na mbao zilikuwa nyembamba. Kila siku baada ya adhuhuri Aziz aliingia humo, akaweka spika ili mikono yake ibaki kwenye makaratasi, na Atuganile, aliyekaa hatua chache tu kutoka pale, alisikia. "Ofisi gani hiyo isiyo na mlango?" sauti ilisema. "Wanaume na wanawake meza moja kutwa nzima? Na huyo binti wa kanisani ndiye anayeimiliki? Sikiliza nikwambie, Aziz." Baada ya hilo "sikiliza nikwambie" ndipo zilipokuja cheche zenyewe.

Atuganile alitazama ukutani. Kulikuwa na saa mbili pale, moja imeandikwa TUNDUMA na nyingine NAKONDE, kwa kuwa ng'ambo ya geti la mpaka wenzetu wa Zambia wako nyuma kwa saa nzima, na simu za Tunduma zina tabia mbaya ya kushika mtandao wa kule na kujibadilisha saa bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Kuna watu wamekosa basi kwa ajili hiyo, na wengine wamefika mazikoni wakakuta waombolezaji wanakula. Saa ya Tunduma ilisema saa tano imeshapita. Aziz hakuwepo. Alimpigia, akaambiwa na yule dada wa kwenye simu kwamba namba haipatikani.

Amebadili nia? Wamegombana nyumbani? Alikuwa bado ameshika simu pale ngazi zilipolia.

"Hodi wenyewe."

Alikuwa mama mfupi, mwembamba, amevaa baibui la kahawia na kushika kikapu cha ukili. Yuko peke yake. Atuganile alikuwa amemjenga mama Aziz kichwani kutokana na ile sauti, akampa mwili mkubwa na kifua cha kupigia kelele, kwa hiyo akili yake haikumpeleka huko hata kidogo.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa mnakodisha meza."

"Ndiyo, mama. Kwa siku, kwa wiki, unavyopenda. Na mgeni saa yake ya kwanza ni bure."

"Bure?" Mama yule alimkazia macho. "Biashara ya kugawa vitu bure itafika mwaka hiyo?"

"Ilishafika, mama. Inakwenda wa tatu."

"Haya. Nikae wapi?"

"Unapopata."

Mama akazunguka ofisi nzima polepole, akagusa meza, akachungulia nyaya, akasimama kwenye pembe ya nyuma ambako mkeka ulikuwa umekunjwa juu ya kabati pamoja na kopo la maji. Kisha akarudi, akavipita viti vyote vilivyokuwa wazi, akaketi kwenye kiti cha Aziz.

"Hapo, mama... hapo huwa kuna mtu."

"Si umesema nikae ninapopata?"

"Ndiyo."

"Basi nimepata."

Tumpale aliinamisha kichwa nyuma ya kompyuta, mabega yakimtikisika. Atuganile alimletea mgeni chai ya tangawizi, akarudi kwenye meza yake, akampigia Aziz tena. Haipatikani.

Hazikupita dakika nyingi, simu ya mama ikaita. Akaipokea kama wanavyopokea watu waliozoea kuongea katikati ya soko.

"Bana Mutale! Mwashibukeni!" alimsalimu kwa Kibemba mteja wa ng'ambo. "Eeh, mimi ni mzima. Mchele? Mchele ni wa Msangano huohuo, nimeuchagua kwa mkono wangu!"

Ofisi nzima ilisimamisha kazi. Wakala mmoja aliyekuwa anaongea na mteja wake alijiziba sikio. Atuganile akainuka, akamgusa mama begani kwa adabu, akamwelekeza kwenye kibanda. Mama akaingia, mlango ukafungwa, na kutoka ndani ya mbao sauti ikatoka nene na kubwa, maradufu ya mwenye nayo.

"Sikiliza nikwambie, Bana Mutale!"

Atuganile akaitambua sauti ile. Tumpale alimtazama, akaonyesha kibanda kwa kidole, akauliza kwa midomo bila sauti: *Ni yeye?* Atuganile akaitikia kwa kichwa.

Hofu ndiyo iliyotangulia, kisha zikaja hasira. Aziz amemwacha! Amemtuma mama yake kama mkaguzi, mwenyewe amejificha mahali mpaka vumbi litulie! Machozi yalimlenga, akayarudisha. Alifikiri akimbilie chini kununua soda, ajitande khanga, apige magoti na kumwita mama huyu mama mkwe. Lakini angeonekana nani hapo? Angeonekana binti anayeomba. Bi Mwasiti, maana ndilo jina lake, alikuwa amekuja kumwona jinsi alivyo. Basi na amwone jinsi alivyo. Akavuta kiti, akaendelea kumsaidia mteja kuunganisha printa.

Bi Mwasiti alitoka kibandani ameridhika. "Amekubali," alisema, kisha akasimama mbele ya meza ya Atuganile. "Ila kibanda chenu kinavuja."

"Kinavuja, mama?"

"Sauti. Nikiwa ndani nimemsikia mtu huku nje anatafuna karanga."

"Ni kweli," Atuganile alisema taratibu. "Kila kinachosemwa humo, huku kinasikika."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mama."

Bi Mwasiti aliangalia kibanda, akaangalia umbali mdogo uliokuwepo kati ya mbao zile na kiti cha Atuganile. Uso wake ulibadilika.

"Hata simu ya mtu na mzazi wake?"

"Hata hiyo."

Bi Mwasiti alirudi kwenye kiti, akaketi, akaanza kukunja na kukunjua pindo la mtandio. Walikuwa wanajuana sasa, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

"Huyo mzazi," Bi Mwasiti alianza, "ulimsikia akisema nini?"

"Nilimsikia akisema ofisi isiyo na mlango si mahali pa binti wa watu. Na mengine."

"Ukamchukia."

"Nililia, mama. Kesho yake nikamleta fundi aongeze ubao wa pili. Haukusaidia."

Kicheko kilitaka kumtoka Bi Mwasiti, akakimeza. "Lakini ukamchukia."

"Hapana." Atuganile aliinua macho. "Kila anapopiga simu, kabla hajagomba, anamuuliza kwanza mwanawe amekula nini. Kila siku. Mimi baba yangu hajanipigia tangu Pasaka, alipopata habari zangu na Aziz. Nilikuwa nikimsikiliza mzazi huyo anavyogomba, nikatamani angalau na mimi nigombezwe."

Bi Mwasiti alivuta kikombe cha chai kilichokwisha kupoa, akanywa, akakirudisha.

"Sasa tuseme mzazi huyo anataka kijana wake ahamie kwenye ofisi yenye mlango."

"Ahame tu. Mimi simfungi hapa. Nitaumia, maana nimezoea kuinua kichwa nikamkuta, lakini kazi yake ni yake."

"Na wewe ukiambiwa uache hapa? Ukae nyumbani, utunzwe?"

"Siachi."

"Hata kwa ajili ya ndoa?"

"Hata kwa ajili ya ndoa, mama. Nampenda Aziz. Nampenda mpaka najionea haya. Lakini nikiacha hapa atakuwa ameoa mtu mwingine, siye yule aliyemkuta."

Tumpale aliacha kubofya. Yule wa karanga aliacha kutafuna. Bi Mwasiti alisogeza kiti mbele.

"Na dini?"

Swali hili Atuganile alilitarajia tangu alfajiri, na majibu aliyoyaandaa yote yakamkimbia. "Mimi ni Mmoraviani," alisema. "Nimeimba kwaya tangu mdogo. Sitabadili kwa ajili ya harusi, na yeye sijamwomba abadili. Tulikuwa tunafikiria ndoa ya bomani. Zaidi ya hapo sijui, mama. Sina jibu zuri."

"Ule mkeka kule nyuma, nani anaukunja?"

"Mimi. Mwanzoni niliutandika umeelekea choo, kwa kutojua. Aziz alicheka siku nzima. Sasa najua. Na Ijumaa meza ile ya nyuma huwa siipangishi, wanaume wapate nafasi ya kuswali."

Bi Mwasiti aliitazama ile meza ya nyuma.

"Haya, niambie kitu kingine," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hii biashara inaelekea wapi? Leo watu wanakuja, kesho kila mtu ana intaneti kwake. Nani atapanda ngazi hizi?"

Hapo uso wa Atuganile ukawaka. Mwulize binti huyu kuhusu mapenzi, atababaika, lakini mwulize kuhusu ofisi yake! "Watapanda kwa sababu ya watu wengine, mama. Intaneti utaipata kwako, lakini ukikwama forodha kwako utamuuliza nani? Hapa unageuka tu, jirani yako anajua. Na sitaki ziwe ngazi hizi tu. Kule kwetu Hasamba kuna ghala la chama cha kahawa. Msimu ukiisha, linalala tupu mpaka msimu mwingine, na vijana wanakimbilia mjini kutafuta meza ya kuwekea kompyuta. Nataka meza ziwe kule, na Isongole kwa wajomba zangu pia. Mtu afanye kazi ya Dar, mchana akale ugali kwa mama yake. Na humu nataka nitenge chumba cha akina mama wanaovuka na mizigo. Wanafanya biashara za nchi mbili, mama, na ofisi zao ni kukalia gunia kando ya barabara."

"Gunia," Bi Mwasiti alirudia. Akaitazama mikono yake. "Mimi nimelikalia gunia ujana wangu wote. Aziz nimemnyonyesha juu ya gunia la mchele, malori yanapita, vumbi lote kwake. Nilikuwa naota ofisi yenye mlango. Nikipata, nilisema, mwanangu naye atakuwa na mlango wake." Aliguna. "Nilipoupata, nikafunga, nikakaa ndani peke yangu. Wateja wakawa wananipigia simu tu."

Atuganile akamwongezea chai. Mkono wa Bi Mwasiti ulimgusa kidogo kifundo cha mkono, ukatulia pale kitambo, ukaondoka.

Ngazi zikalia kwa kishindo. Aziz aliingia anahema, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, boksi la keki mkononi, tabasamu limeenea usoni.

"Nimewahi!" alisema. "Atu, jiandae, lori limetoka Nakonde na nimebakiwa na dakika kumi. Namngoja mama hapa, akifika tu..."

Akamwona aliyeketi kwenye kiti chake. Boksi la keki likataka kumponyoka.

"Mama? Si tulisema tukutane hapa saa tano?"

"Saa tano ipi?" Bi Mwasiti aliuliza.

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Aziz alitazama simu yake, akatazama ukutani kwenye saa ya Tunduma, akatazama ya Nakonde, akashika paji la uso. Mtoto wa mpakani, bwana malori, amepigwa na simu kama mgeni aliyeshuka basi leo! Kwa wasiwasi wake wa kumtambulisha mama, hakukumbuka hata kuikagua.

"Atu, nisamehe. Wallahi sikujua. Umekuwa peke yako na..."

"Mimi nilijua," mama yake alimkata. "Tulipokuwa tunakunywa chai asubuhi niliiona simu yako imeshika mtandao wa kule. Nikanyamaza."

"Mama!"

"Ungekuwepo ungeongea wewe tu. Ungemjibia kila swali. Nilitaka nimsikie mwenyewe." Akamgeukia Atuganile, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina. "Atuganile. Ni jina la wapi hili?"

"La upande wa mama yangu. Ni Mndali, ametoka Isongole. Maana yake, Mungu ametupenda."

"Kumbe mama yako naye alikwenda ugenini. Walimpokea vizuri huko Hasamba?"

"Ilichukua muda. Mpaka leo wapo wanaomwita Mndali."

Bi Mwasiti alitikisa kichwa, akafikiri. Aziz alisimama na keki yake, hajui aiweke wapi wala asimame wapi, na macho yake yalimuuliza Atuganile maswali mengi. Atuganile alimtazama, na hakuyaondoa macho.

"Sijasema ndiyo," Bi Mwasiti alisema hatimaye. "Msije mkacheka mkadhani nimesema ndiyo. Ndugu zangu wa Tabora watapiga kelele, na baba yako, binti, atapiga zake. Washenga watakwenda wakazungumze na wanaume wenzao. Lakini mimi kabla ya hapo nataka nikae na mama yako jikoni, tuzungumze wenyewe. Jumamosi. Saa nne."

"Saa nne," Atuganile alisema.

"Ya Tanzania," Bi Mwasiti aliongeza, akimtupia mwanawe jicho. "Na huyu atavaa saa ya mkononi."

Atuganile alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, hakujali tena nani anaona. Tumpale alipiga makofi, akajikuta anapiga peke yake, akajifanya anaua mbu.

Bi Mwasiti alitoa simu kwenye kikapu, akaiweka mezani mbele yake, akavuta kikombe karibu, akajiweka sawa kitini kama mwenye kazi nyingi. "Saa yangu ya bure imekwisha. Andika jina langu, nalipia mpaka jioni. Nina wateja wawili zaidi wa kuwapigia, na hapa kuna upepo mzuri."

"Mama," Aziz alisema, "hicho ni kiti changu."

"Kwani viti vya hapa vina wenyewe? Kaa unapopata."

Aziz aligeuka. Saa ile ofisi ilikuwa imejaa. Kilichobaki wazi ni kigoda kimoja tu, upande wa pili wa meza ya Atuganile, ubavuni kwake. Alimtazama mama yake, na mama yake alikuwa tayari anamtafuta Bana Mutale kwenye simu, hana habari naye. Atuganile alifuta machozi kwa kiganja, akasogeza makaratasi yake, akampisha.